Ombaomba

Kata-kata-kata. Kimya kidogo. Halafu ta, ta: vipande viwili vya mbao vimegonga sakafu.

Sauti hiyo ilinikuta bado niko nje, napapasa kitasa cha mlango gizani, mkoba wa vitabu begani na viatu vimenibana hadi vidole vinataka kulia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kama ulivyo na tabia ya kukatika saa watu wanapotaka kupika. Lakini ile ta, ta ilinipunguzia uchovu. Nilijua ndani wako macho, wanacheza Ombaomba, na sasa hivi itafuata sauti nyembamba ya binti yangu.

"Tatu," Kidoti akasema huko ndani. Akatulia kidogo. "Na nne."

"Saba!" akanguruma jirani yetu, fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona. "Saba yangu hiyo, msiiguse!"

Nikacheka peke yangu mlangoni. Mimi ni mwepesi wa kucheka. Jioni ile sikucheka tena.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa mtu anaweza kudhani nilipandwa na hasira za bure.

Mume wangu ni seremala. Dadu alizichonga kutoka kwenye mguu wa meza uliopasuka, na doti zake akazichoma kwa msumari wa moto, kwa hiyo kila doti ni kishimo unachokisikia kwa kidole. Kopo ni la maziwa ya unga ya Kidoti alipokuwa mchanga. Ndiyo basi, mchezo mzima haukutugharimu hata senti. Mnacheza mkiwa wengi mnavyotaka. Kila mtu anarusha mara moja, na aliyepata nyingi anamwomba aliyepata chache jambo moja. Aliyeombwa hakatai. Anasema "Umepata," na likishatoka limetoka. Chai ya moto haijapoa, mmeshaanza duru nyingine. Tunaombana vitu vya kijinga: nikune mgongo, osha sufuria lenye ukoko, lia kama mbuzi mpaka nyumba ya pili wajibu.

Kwa kuwa tunacheza gizani, msomaji wa dadu ni Kidoti. Vidole vyake ni vidogo, vinaingia kwenye vishimo kama vilipimiwa humo. Hapo ndipo alipojifunzia kuhesabu, na pengine ndiyo sababu hajui kwamba namba inaweza kuwa moja sakafuni na nyingine mdomoni. Yeye harushi. Kazi yake ni kusoma tu, na akisoma hakuna anayebisha.

Kuna sheria moja ya huruma. Niliitunga mimi, siku Kipaza alipoombwa apande juu ya paa abweke, na mvua inanyesha. Nikasema jamani, tutazika mtu kwa ajili ya mbao mbili. Tukakubaliana: aliyeombwa akiona ombi limemzidi, anayo maneno matatu, "Omba kitu kingine." Akiyasema, mwombaji hana budi kubadilisha. Ila ayaseme dadu zikiwa bado sakafuni. Zikisharudi koponi, imekula kwake.

Basi nikaingia. Harufu ya manukato ikanipokea kabla ya mtu yeyote, nikajua wifi yangu yupo. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Wazazi wao waliondoka mapema, yeye ndiye aliyemlea, akampeleka kujifunza ufundi, na msumeno wake wa kwanza alimnunulia yeye. Ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya vyumba vingi ambamo watoto wake wameshakua wakatawanyika. Anampenda Kidoti, hilo sikatai. Anampenda kama mtu anavyopenda kiti alichokiona sebuleni kwa jirani: anakikalia, anakisifia, macho yanapima kitaingiaje mlangoni kwake.

Sikufika mbali, nikajikwaa.

Kitu laini kilikuwa kimekaa nyuma ya mlango. Nikainama. Nikakisoma kwa vidole, kama binti yangu anavyosoma dadu. Zipu. Ndani ya zipu, blanketi lenye ukingo wa kuteleza, lile ambalo Kidoti hulishika kwa vidole viwili mpaka usingizi umchukue. Gauni lililopungua kifungo shingoni. Mswaki mdogo umefungwa ndani ya soksi. Chini kabisa, nguo za ndani zimekunjwa vizuri, kukunja ambako si kwa mume wangu. Yeye hukunja nguo kama anafungia mtu samaki.

Nikasimama na ule mkoba mkononi.

"Huu mkoba unakwenda wapi?"

Kopo likanyamaza.

"Mama Kidoti, umefika," mume wangu akasema, utadhani ndilo nililouliza.

"Nimefika. Mkoba unakwenda wapi?"

Kipaza akakohoa. "Shemeji, mimi naona niwaache. Nimeacha pasi yangu ya kuchomelea inawaka."

"Umeme hakuna, Kipaza. Inawaka kwa nini, kwa maombi? Kaa."

Akakaa. Nilisikia kigoda kikimpokea.

"Wifi, karibu," wifi yangu akasema. "Pole na masomo." Neno masomo alilitamka kama watu wanavyotamka upele. "Nilitaka kuondoka mapema, lakini nikasema hapana, nimsubiri mwenzangu, tuagane kama watu. Dereva wangu anakuja sasa hivi. Kidoti anakuja kukaa kwangu."

"Kukaa siku ngapi?"

"Kukaa, wifi. Baba yake amenipa."

Jioni ile darasani tulikuwa tumesoma vitenzi. Mwalimu wetu, kijana mwenye shati moja na subira ya watu kumi, aliandika ubaoni: omba, ombwa, ombea, ombana. Pa, pewa. Nilitunga sentensi zangu nikasifiwa. Sasa nimesimama nyumbani kwangu gizani, na kitenzi kimenigeuka. Amenipa. Kwani alichopewa ni nini, debe la rangi?

"Amekupa vipi?"

"Nilipata kumi na moja, yeye akapata tatu. Nikaomba. Akasema 'Umepata.' Kipaza alikuwepo."

"Mimi sikusikia vizuri," akasema Kipaza, mtu ambaye anaweza kusikia waya uliolegea ndani ya redio iliyozimwa.

"Baba Kidoti," nikasema. "Ulisema 'Umepata'?"

Nilisikia akijikuna kidevu, kwaru, kwaru. Seremala akikosa jibu hujikuna kana kwamba anapiga msasa.

"Nakuuliza wewe."

"Ni mchezo tu, Mama Kidoti. Usilikuze."

"Mimi sikuwa nacheza," wifi akasema. Akaiteremsha sauti, ikawa laini, na ulaini ule ndio ulioniwasha zaidi. "Na wewe, mdogo wangu, ulijua sichezi. Ulinyamaza kwanza, ukafikiri, ndipo ukasema. Usimdanganye mkeo sasa."

Nikaushusha mkoba taratibu. Niliogopa ningeurusha, na ndani mlikuwa na blanketi la mwanangu.

Watu husema hasira ni moto. Yangu haikuwa moto hata kidogo. Ilikuwa baridi, ilianzia kwenye nyayo, ikapanda kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Nikawaza kwamba baada ya kumtoa mtoto, na baada ya mkoba kufungwa na kuwekwa nyuma ya mlango, watu hawa waliketi tena wakaendelea kutikisa kopo! Na msomaji wao ni yeye yule waliyekwisha kumgawa. Tatu, na nne. Nami mjinga nacheka mlangoni.

"Mlikuwa mnaendelea kucheza," nikasema.

"Tulikuwa tunakusubiri," mume wangu akajibu.

"Mnanisubiri kwa kucheza."

"Sasa tungefanya nini, tukae tunatazamana gizani?"

Kipaza akataka kucheka, akajizuia, ikatoka puani.

"Kipaza," nikasema, "wiki iliyopita, hapo hapo ulipokaa, ulipata nyingi ukamwomba mwenzako kitu. Ulimwomba nini?"

"Shemeji, mambo ya zamani..."

"Ulimwomba nini?"

"Msumeno. Wa siku moja tu. Nilitaka kukata ubao wa kabati ya spika."

"Akakujibu nini?"

Kigoda chake kikalia.

"Kipaza!"

"Alisema omba kitu kingine."

"Alisema haraka au polepole?"

"Shemeji," akasema kwa unyonge, na unyonge wa Kipaza husikika mpaka barabarani, "nilikuwa hata sijamaliza kuomba."

Hapo sikuweza tena. Sauti yangu ilipasuka kama sahani.

"Msumeno! Msumeno umeutetea! Kipande cha chuma kimekutoa ulimi, mtoto amekufunga mdomo? Maneno matatu, Baba Kidoti! Huyu Kipaza anayasema kila siku, akiombwa kuimba, akiombwa kuogesha mbuzi wa watu. Wewe mwenyewe umeyasema kwa sababu ya msumeno. Ungeyasema tu. Sikukuambia upigane na dada yako. Sikukuambia umfukuze. Omba. Kitu. Kingine. Yanauma wapi?"

"Ni dada yangu," akasema.

"Na huyu ni nani wako?"

Akajikuna tena. Kisha akasema jambo ambalo natamani angelimeza. Alisema polepole, bila ubaya wowote, na ndiyo maana liliingia mpaka ndani.

"Jioni anakaa mlangoni anakungoja, Mama Kidoti. Mimi natoka karakana vumbi tupu, nahangaika naye hapa gizani. Nikawaza, labda kwa dada atapata utulivu. Labda hata wewe ungesoma vizuri."

Kwa hiyo haukuwa mchezo. Alikuwa amefikiri. Alipima kama anavyopima ubao, akaona nyumba imezidi mtu mmoja, akaamua apunguze hapo.

Nataka niwe mkweli kwa msomaji wangu: hata hivyo nampenda mume wangu. Lakini dakika ile ningepewa randa yake ningempiga nayo.

"Mwanangu hatoki humu," nikasema. "Wifi, umemlea mume wangu, nakuheshimu. Viatu vipya ulivyomletea mtoto juzi, asante. Nitakupikia, nitakufulia ukiugua. Lakini hatoki."

Bangili zake zikalia. Alikuwa amejiweka sawa kitini.

"Sawa," akasema. "Usimtoe. Mimi sigombani na mke wa ndugu yangu. Nitawaita baba wadogo, waje tukae kikao. Nao wataniuliza, kwa nini unamtaka mtoto? Nitawaambia, mama yake mchana anafagia zahanati, jioni anakwenda kukaa dawati moja na vijana. Mtoto analelewa na giza na dadu. Unadhani watasemaje? Watasema uchague, wifi. Madarasa au mtoto. Mimi nilikuwa nakuepusha na hilo. Nilikuwa nakubakizia vyote viwili."

Alikuwa anasema kweli, hiyo ndiyo sumu yake. Baba wadogo nawajua. Ni watu wema, wanakuja na zawadi, wanauliza hali ya kila mtu hadi kuku, halafu wanakata maisha ya mtu kama wanakata kucha. Hakuna ambaye angeniambia mtoto aende. Wangeniambia nikae nyumbani. Mtihani ulikuwa umekaribia. Baada ya mtihani kuna mafunzo ya uuguzi, na zahanati ninayoifagia walishaniahidi kwamba nikifaulu watanipokea upande wa pili wa mlango. Kila siku nikipiga deki chumba cha sindano huwa navitaja vifaa kimoyomoyo, kwa majina yake yote, ili vinizoee.

Kwa hiyo niligeuka tena kwa mume wangu. Nilishusha sauti. Nilijitahidi.

"Baba Kidoti. Sema sasa. Bado unaweza kusema."

"Nimeshasema umepata."

"Sema yale maneno matatu."

"Hayafai tena," wifi akasema. "Dadu zimesharudi koponi, zimerushwa mara nyingi tu tangu pale. Sheria zenu mnazijua wenyewe. Mimi mgeni nimezikuta. Kwani sheria hiyo ilitungwa na nani?"

Kipaza hata kukohoa alisahau.

Katikati ya kimya kile nikasikia kitu kidogo: kwichi, kwichi. Vidole vikizungusha mbao. Jamani, mtoto. Tulikuwa tumemsahau. Tunamgombania kama nguo mnadani, naye yupo katikati yetu sakafuni, anazisoma dadu moja baada ya nyingine kwa kuwa ndicho anachokijua.

"Kidoti," nikaita. "Njoo kwa mama."

Akaja kwa kutambaa. Akapanda mapajani. Alikuwa ameogeshwa, ananukia sabuni ya watu wakubwa, na miguuni ana vile viatu vipya, vigumu bado, vikanikwaruza goti. Nikamshika shavu pale penye kidoti chake, doti moja nyeusi aliyozaliwa nayo, iliyompa jina. Kwa kidole huisikii. Ni mimi tu ninayejua ilipo hata gizani.

"Mama," akasema, "kwa shangazi umeme haukatiki?"

"Haukatiki, mwanangu," wifi akawahi. "Shangazi ana jenereta. Na televisheni. Na kitanda chako peke yako."

"Wifi, nimeulizwa mimi."

"Samahani."

"Kwa shangazi umeme haukatiki," nikamwambia mwanangu, maana ndiyo kweli, na kwa huyu mtoto sijawahi kutaja namba ikawa nyingine. "Nyumba yake ni nzuri."

"Na wewe utakuja?"

"Mimi nitakuwa hapa."

Akafikiri. Kidoti akifikiri hupumua kwa mdomo. Kisha akateremka, nikasikia kopo likikwaruza sakafu akilivuta.

"Na mimi nirushe," akasema.

"Hapana," nikasema. Hasira ilinirudi yote. "Hakuna anayerusha humu ndani tena. Hizo mbao kesho naziwashia moto. Baba yako atachonga vijiko."

"Mwache," mume wangu akasema.

"Wewe nyamaza!"

"Mwache, wifi," na dada yake naye akasema. Nilihisi anatabasamu, tabasamu lina sauti yake. "Si mmesema wenyewe ni mchezo? Mtoto wa watu amewasomea tangu ajue kuhesabu, hajarusha hata siku moja. Njoo, mama. Turushe mimi na wewe."

Ningeweza kulipokonya kopo. Mikono yangu ilishaanza safari. Lakini nilipomgusa bega nilihisi jinsi alivyokaa, mgongo umenyooka kama mtu aliyeitwa jina lake darasani kwa mara ya kwanza. Naujua mkao ule. Ndivyo nilivyokaa mimi jioni ya kwanza nilipoambiwa nisome kwa sauti mbele ya watu. Mikono ikarudi yenyewe, ikashika ukingo wa kanga yangu, ikaukamua.

Wifi akarusha kwanza. Kata-kata, ta, ta. Alirusha kwa ustadi, kama anavyofanya kila kitu.

Kidoti akazitafuta, akazisoma. "Nne," akasema. "Na nne."

"Nane," wifi akasema. "Haya, mama. Zamu yako."

Akaanza kutikisa. Alitikisa kwa mikono miwili, muda mrefu, mpaka Kipaza akasema, "Zitatoka siagi hizo, mwanangu." Ta. Ya pili ikabiringika mbali, ikagonga mguu wa kiti. Alitambaa kuifuata. Tulimsikia akipapasa, akaipata, akarudi nayo bila kuigeuza, maana hiyo nayo ni sheria na yeye hajui kuivunja.

"Mbili," akasema.

Nilifumba macho, ingawa giza lilikuwa lile lile. Nilitamani, Mungu wangu, nilitamani hii moja tu aidanganye. Ni nani angejua? Hakuna aliyeigusa ila yeye.

"Na moja."

"Isome tena," Kipaza akajaribu kunong'ona, nadhani hata mbwa wa nje walimsikia. "Papasa pembeni pembeni. Hiyo moja haina wenzake?"

"Haina," Kidoti akasema. "Iko peke yake."

Mume wangu akatoa sauti, sijui niiite nini. Kama mbao inapopasuka mahali ambapo hukutarajia. "Dada," akasema. "Dada, tafadhali."

"Hukuombwa wewe," nikamwambia. Nilitaka imuume. "Wewe ulishaombwa, ukajibu. Sasa anaombwa mtoto mwenyewe."

Nilipoyatamka ndipo nilipoyasikia. Vitenzi vya ubaoni. Mara ya kwanza aliombwa baba; mtoto alikuwa ombi tu, kama kitu kisicho na sikio. Sasa hakukuwa na baba katikati, wala mimi. Nilitaka kumwambia mwanangu. Maneno yalinijaa mdomoni, matatu, yanasukumana kutoka. Lakini katika Ombaomba hakuna anayesema kwa niaba ya mwingine, na wifi alikuwa akinisubiri nikosee. Ningeyasema mimi, angeondoka naye kwa haki yake na kesho angewaeleza baba wadogo kwamba tuliiba. Niliuma ukingo wa kanga. Uzi ukakatika kinywani.

Nilidhani wifi atasema harakaharaka, kama mtu anayejua ameshinda. Lakini alipofungua mdomo, manukato, duka na jenereta vyote vilikuwa vimemtoka sautini, amebaki mwanamke tu anayerudi jioni kwenye vyumba vingi.

"Kidoti, mwanangu," akasema. "Nakuomba uje ukae na mimi."

Nje gari lilisimama, taa zake zikapita juu ya pazia, zikatuonyesha wote kwa kufumba na kufumbua: Kipaza kashika kichwa, mume wangu kapiga magoti, wifi kainama mkono umeshafika karibu na dadu, tayari kuzizoa zirudi koponi. Halafu giza tena. Bangili zikalia. Na kabla hazijatulia nikasikia pa: kiganja kidogo, kimefunguliwa chote, kimezifunika dadu pale pale sakafuni.

"Shangazi, omba kitu kingine."